Matroni wa Hospitali za Polikarpi

Watu wazima wana mambo. Yuko anayekusanya stempu, yuko anayekusanya vizibo vya bia na kuvitia kwenye fremu kama picha za mababu, na karibu kila mji wenye bandari hukosi mzee mwenye kabati la meli ndogo zilizomo ndani ya chupa, ambaye mkewe alikata tamaa tangu meli ya tatu. Chonyonyo, wilayani Karagwe, yuko Polikarpi Byarugaba. Yeye anakusanya hospitali.

Si hospitali za kulazwa mtu, ingawa jirani zake wanaona angezihitaji. Ni hospitali za kuchezea watoto, zile za zamani zilizotengenezwa Ulaya kabla hajazaliwa au alipokuwa bado ananyonya. Unaunganisha kuta, unasimamisha ngazi, unapanga vitanda vyenye ukubwa wa kidole gumba, kisha unafunika kwa paa lenye msalaba mwekundu. Anazo nne. Moja ni ya bati, madirisha yake yamechorwa tu, na kwenye kila dirisha kuna sista yuleyule anayechungulia. Ya pili ni ya matofali ya plastiki, ina gari la wagonjwa lililopoteza gurudumu na sasa linatembea kwa kizibo cha soda. Ya tatu ni ya kadibodi na imewahi kuliwa na mbuzi upande wa maabara. Ya nne ni ya mbao. Hiyo ya nne usiiguse.

Kinachomlisha ni rubisi, pombe ya ndizi. Huvundika ndizi shimoni mpaka ziive, huzimenya, huzikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti hadi zitoe maji, hutia mtama uliokaangwa, hufunika kwa majani ya mgomba, na siku inayofuata wanaume wa Chonyonyo huanza kupita “kumjulia hali”. Baadhi yao hurudi nyumbani kupitia mtaroni. Mkewe, Mackrine, husema kwamba Polikarpi ndiye mtu pekee Karagwe nzima anayejaza hospitali za kweli ili aweze kununua za uongo.

Ilianzia gulioni Kayanga. Alikwenda kutafuta mabuti ya mpira, akakuta kwenye rundo la mitumba ile hospitali ya bati, imelala katikati ya sidiria na viatu vya kuteleza kwenye theluji. Aliinua paa. Ndani mlikuwa na chumba cha upasuaji, jiko, wodi, na kijitu kimoja kimelala kitandani kikiwa na blanketi la rangi ya damu ya mzee. Polikarpi alisimama pale na mguu mmoja ndani ya buti la kujaribishia, akasahau kulivua. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa mara moja tu maishani, kwa hernia. Katika siku zile zote hakuna aliyemwambia chochote. Milango ilifunguka, ikafungwa, watu wenye makoti wakapita wakinong'ona, na hadi leo hajui walichokitoa tumboni mwake walikipeleka wapi. Hapa ilikuwapo hospitali ambayo unashika paa, unalinyanyua, unaona kila kitu. Hakuna dokta wa kukufungia mlango. Aliondoka na hospitali bila mabuti, na msimu ule wa mvua alikanyaga matope peku.

Ya mbao ilikuja ndani ya kontena la misaada lililoletewa parokia, pamoja na magongo, makoti mazito na piano isiyo na meno. Kamati iligawa kila kitu. Hospitali haikutakwa na mtu, maana ilikosa hata mahali pa kutia betri. Polikarpi aliipata kwa dumu moja la rubisi alilolikabidhi mtu ambaye hatutamtaja kwa sababu bado anasimamia sadaka.

Uzuri wake ulikuwa watu wake. Ilikuwa na dokta, manesi, mgonjwa, mfagiaji, na juu yao wote matroni. Walikuwa wa mbao ngumu, hawana mikono wala miguu, wamechongwa duara kama pipa, hawazidi ukubwa wa buni kavu iliyo ndani ya ganda lake. Nyuso zao zilikuwa nukta mbili na mstari. Matroni alitofautiana na wenzake kwa jicho moja lililochorwa juu kidogo kuliko la pili, hivyo alionekana daima amekukuta unafanya jambo. Polikarpi alimpenda kuliko wote. Alimsimamisha mlangoni, na kabla ya kwenda kukanyaga ndizi alimuaga. Ndiyo, alimuaga. Mackrine alimsikia.

Basi hospitali nne zilikaa sebuleni, juu ya meza kubwa, wageni wakila chakula magotini. Mackrine alivumilia miaka. Lakini posa ya binti yao ilipofika, alivua kitenge cha uvumilivu akakitundika.

“Baba Renatha,” alisema, “Jumamosi wanakuja watu wa Kyerwa kumposa mwanao. Wafugaji, watu wenye ng'ombe na heshima. Sitaki waulize watoto wako wapi kisha wagundue midoli ni ya baba mkwe.”

“Nitazifunika na shuka.”

“Utazihamishia kwenye banda la ndizi. Na nisikilize vizuri. Siku ile ikipita bila aibu, zitarudi mezani na sitasema neno tena mpaka nife. Ukinitia aibu mbele ya wakwe, hata aibu ndogo kama kiroboto, zinaondoka hapa zote. Ya bati nitachomea mahindi.”

“Na ya mbao?”

“Ya mbao ndiyo itakuwa kuni za hayo mahindi.”

Polikarpi akakubali. Alikuwa na hofu moja tu: banda la ndizi lilijaa wadudu wanaotoboa mbao. Kwa hiyo aliwafanyia watu wake kile ambacho kila mtu wa Karagwe hukifanyia kitu anachotaka kisiliwe na wadudu. Aliwapandisha kwenye uchaga juu ya meko, penye mbegu za maharage na mahindi ya kupanda, akawaacha wapate moshi. Waliposhuka walikuwa wamekolea rangi, weusi wenye wekundu kwa mbali, wananuka jiko. Akawatia ndani ya akaibo, kikapu kidogo cha kusukwa chenye kifuniko kinachobana. Kikapu hicho ndicho cha kuwekea kahawa ya wageni, lakini kilikuwa kitupu, na Polikarpi alijiambia atakitoa kabla wageni hawajafika.

Hakukitoa, maana Jumamosi asubuhi rubisi ilifurika na akakimbilia mtumbwini.

Wageni walifika saa nne, wakiongozwa na Mzee Mbabazi, baba mkubwa wa kijana na msemaji wao. Alikuwa mwembamba, mrefu kama fimbo aliyoishika, mwenye tabia ya kukutazama kama anakadiria uzito wako ukishachinjwa. Kijana mwenyewe, Atwine, muuza dawa za mifugo pale Rubwera, aliketi nyuma akitoa jasho. Jikoni, Felicitas, dada yake Polikarpi, alifungua akaibo, akaona kahawa imebaki kidogo chini, akailaani nyumba isiyojaza kikapu siku ya posa. Akamiminia humo buni mpya zilizochemshwa na kukaushwa, akatikisa vizuri, akafunika. Kisha akampa Renatha apeleke.

Huku kahawa hatuinywi kwa kumkaribisha mtu, tunaitafuna. Mgeni huchukua punje kadhaa, huzitia mdomoni, na mazungumzo huanzia hapo. Na kwa watu wa rika la Mzee Mbabazi, ukishatia mdomoni kahawa ya mwenyeji wako huitemi. Kutema ni kumwambia mbele ya watoto wake kwamba umemshuku sumu.

Renatha alipiga goti. Mzee akachota bila kutazama, akatia kinywani, akatafuna.

Ko.

Ilikuwa sauti ndogo, kavu. Taya la mzee lilienda kushoto, likarudi kulia. Akajaribu tena. Ko. Akamtazama Polikarpi, akakusanya mate, akameza. Kikoromeo chake kirefu kilipanda, kikasita katikati kama lifti mbovu, kikashuka.

“Kahawa yenu,” alisema, “ni ya siku nyingi.”

Polikarpi alikuwa bado hajaelewa. Alielewa akaibo ilipomfikia yeye, akaona kati ya buni dokta amesimama wima anamwangalia. Pembeni yake alilala mgonjwa. Mackrine alikuwa amekaa umbali wa mkono. Polikarpi hakuwaza. Alichota dokta, mgonjwa, manesi, mfagiaji, wote aliowaona, akawatia mdomoni, akawapanga kwenye mashavu yote mawili, akafunga. Matroni hakuwemo.

Hivyo ndivyo posa ya Renatha ilivyojadiliwa baba yake akiwa na hospitali nzima mdomoni.

Polikarpi anajulikana kwa kusema sana. Siku ile hakusema kitu. Mzee Mbabazi alitaja ng'ombe. Polikarpi akasema, “Mmh.” Mzee akaeleza kwamba ni ng'ombe wazuri, wenye maziwa. Polikarpi, aliyekuwa ameumwa na kofia ya dokta kwenye fizi, akafumba macho na kutikisa kichwa polepole. Watu wa Kyerwa wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kukutana na baba wa msichana mwenye utulivu wa kiasi kile. Wakanong'onezana, kisha Mzee akakohoa na kuongeza mtamba, jike changa ambalo halijazaa.

“Mmh,” alisema Polikarpi, na machozi yakamlenga. Wakachukulia ni ya furaha. Wakapeana mikono.

Wageni walipoondoka, Mackrine alimshika mumewe bega. “Leo umekuwa mwanaume,” alimwambia. “Sikujua una heshima hiyo. Kesho warudishe wagonjwa wako mezani.”

Polikarpi aliitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya nyumba kuwatema.

Hapo ndipo mwenye akili angeishia. Hospitali zimerudi mezani, binti kaposwa, mtamba kaongezwa, na matroni mmoja wa mbao kapotea. Lakini hujawahi kukaa na mkusanyaji. Kwake kilichopo hakihesabiki, kinachohesabika ni pengo. Polikarpi aliwapanga watu wake, akawasugua kwa mswaki, akatazama mlango usio na matroni, na wodi zote zikamwonekea kama zimegoma. Alianza kuamka mapema. Aliharibu pipa la rubisi kwa kusahau mtama. Alijua alipo matroni. Alijua pia kwamba akimfuata itabidi aseme, na akisema aibu itafika Chonyonyo kabla yake, na Mackrine ana kiberiti.

Alikwenda. Alimwambia mkewe anafuata chupa za plastiki Kayanga, akapanda basi dogo mpaka Rubwera, kisha bodaboda mpaka mahali barabara ilipochoka na nyasi zikaanza. Mzee Mbabazi alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe wake. Hakuonyesha kushangaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mkwe. Kaa. Unywe maziwa.”

Wakamletea maziwa ndani ya kibuyu. Polikarpi akayapokea kwa mikono miwili, na kabla ya kunywa akachungulia ndani bila kujijua.

“Kunywa tu,” alisema mzee. “Hamna mtu.”

Polikarpi akapaliwa. Alipomaliza kukohoa hapakuwa na namna.

“Mzee, ile kahawa…”

“Ilikuwa ngumu.”

“Haikuwa kahawa.”

“Najua haikuwa kahawa. Alitoka Jumanne.”

Mzee aliingiza vidole mfukoni mwa shati, akatoa kitambaa, akakikunjua. Matroni alikuwa ndani, amepauka kidogo, jicho lake moja bado juu. Alimtazama Polikarpi kama amemkuta anafanya jambo.

“Sisi wafugaji huangalia mavi,” alieleza mzee bila haraka. “Ya ng'ombe, ya ndama, na ya mwenyewe. Ndivyo unavyojua afya. Nikageuka kuangalia, nikaona jicho linanitazama. Mkwe, mimi nina wajukuu. Nimezalisha ng'ombe kwenye mvua. Lakini siku ile nilikaa chini. Nikasema, Mbabazi, umezaa nesi.”

“Ni matroni,” alisema Polikarpi. Hakuweza kujizuia.

“Nini?”

“Si nesi wa kawaida, mzee. Ni matroni.”

Mzee Mbabazi alimgeuza matroni ndani ya kitambaa. “Unajua nilifikiria nini? Nimekwenda kwa watu kuposa, nimepewa kijitu cha mti chenye macho, kimekaushwa kwa moshi, kimechanganywa kwenye kahawa. Wewe ungefikiria nini?”

Polikarpi aliweka kibuyu chini. Katika hofu zake zote, hiyo ya uchawi haikuwa imempitia hata kwa mbali.

“Jumapili hii nilikuwa nije kuvunja posa,” alisema mzee. “Nimeshamwambia Atwine ajifunge mkanda. Haya, niambie. Huyu ni nani na ametumwa kufanya nini tumboni mwangu?”

Polikarpi akamwambia. Akaanza na gulio na buti moja, akaeleza paa linavyonyanyuka, wadudu, uchaga, akaibo, na dokta aliyemtoboa fizi huku wao wakimwongezea mtamba. Alipofika hapo mzee alianza kutikisika mabega. Alipofika kwa mfagiaji aliyekaa chini ya ulimi, mzee alilazimika kuegemea ng'ombe.

“Inatosha,” alisema, akijifuta macho. “Inatosha, utaniua. Mchawi hapandi bodaboda kufuata dawa yake akaomba arudishiwe. Wewe si mchawi. Wewe una ugonjwa mwingine.”

“Basi nipe matroni niende, mzee.”

“Taratibu.” Mzee alikunja kitambaa. “Mwanamke ametoka kwako kwa heshima, nimemchukua, ameingia ndani mwangu, ndani kabisa, kuliko mke yeyote niliyewahi kuoa. Huyu ni bibi harusi wetu. Na bibi harusi akirudi kwao, ng'ombe anarudi. Au kwenu Chonyonyo mnafanyaje?”

Polikarpi alifanya hesabu ambayo mtu timamu asingeifanya. Upande mmoja mtamba, hai, mwenye miguu minne. Upande wa pili kipande cha mti kilichopitia njia hiyo.

“Chukua mtamba,” alisema.

Mzee alipiga mluzi wa mshangao. “Na hatarudi mfukoni kwenye bodaboda. Nitamleta mwenyewe Jumapili. Nataka kuona hiyo hospitali aliyotoroka.”

Ilibidi Mackrine aambiwe. Polikarpi alimkuta anamenya ndizi kwa kisu, akaona si wakati mzuri, lakini Jumapili haisubiri kisu kiwekwe. Alisimulia yote akiwa amesimama mbali kidogo.

“Kwa hiyo mkwe wetu amemeza mdoli.”

“Matroni.”

“Akamnya.”

“Jumanne.”

“Na wewe umemfuata huko aliko, ukatoa na mtamba.”

“Ndiyo, Mama Renatha.”

Mackrine alimaliza ndizi aliyoishika. “Mgeni akishaondoka Jumapili,” alisema, “zitoke. Zote. Sitaongeza neno.” Na hakuongeza. Polikarpi angefurahi kama angemtukana.

Jumapili baada ya misa Mzee Mbabazi alifika, amevaa koti, kitambaa mfukoni. Hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mbele ya meza, fimbo yake pembeni, akanyanyua paa la hospitali ya bati, akalirudisha, akalinyanyua tena. Aliuliza wodi ya wanaume iko wapi. Aliuliza kwa nini sista yuleyule yuko kila dirisha, hapumziki? Alishika gari la wagonjwa akalisukuma juu ya meza, na kizibo cha soda kikalia krr, krr. Kisha akamkunjua matroni na kumnyooshea Polikarpi.

“Tumewarudishia mtoto wenu. Hatuna ugomvi naye. Tena nikuambie, mkwe, kiungulia changu cha miaka yote kimekoma tangu apite. Nakula maharage mpaka nasahau.”

Mackrine, aliyekuwa amesimama mlangoni na uso wa mahakama, aligeuka.

“Kimekoma, mzee?”

“Kimekoma kabisa, mama. Kama kimefagiwa.”

“Hospitali za kweli zilikushindwa?”

“Zilinipa vidonge vyeupe mpaka nikawa chaki.”

Mackrine aliingia ndani, akavuta kiti, akaketi mbele ya mkwe wake kama mtu anayefungua dirisha la malipo.

“Basi samahani, mzee, kuna jambo halijakaa sawa. Unasema bibi harusi amerudi, kwa hiyo mtamba arudi. Huyu hakuja kwenu kuolewa. Ni mfanyakazi wa hospitali. Amekuja kwako, amelala zamu tumboni mwako tangu Jumamosi hadi Jumanne, bila chakula, gizani, amekutibu, umepona. Umekubali mwenyewe mbele ya mume wangu. Sasa kwenu Kyerwa mtu akitibiwa haachi kitu?”

Polikarpi alimtazama mkewe kama amenyanyua paa la nyumba ambayo ameishi ndani yake miaka yote bila kujua ina chumba hicho.

Mzee Mbabazi alijaribu. “Mama, hakuna daktari anayelipwa mtamba kwa kiungulia.”

“Daktari akuone kwa nje, alipwe kwa nje. Huyu aliingia.”

Mzee alimtazama matroni aliyekuwa kiganjani mwa Polikarpi, na yule akamtazama kwa lile jicho la juu. Alianza kucheka tena, akashika ukingo wa meza, hospitali zote nne zikatetemeka.

“Mtamba abaki kama tulivyopatana siku ya posa,” alisema. “Mkwe, wewe tunza midoli. Nyumba iko mikononi mwa mwenyewe.”

Alipoondoka jioni, Polikarpi alianza kubeba hospitali ya bati kuelekea banda la ndizi, maana alikuwa ametoa neno.

“Unaipeleka wapi?” aliuliza Mackrine.

“Ulisema zitoke.”

“Nilisema hivyo zilipokuwa hazileti kitu. Rudisha mezani. Ile iliyoliwa na mbuzi igeuze, upande mzima ukae mbele, watu wakija waone.” Akachukua kitambaa, akafuta vumbi juu ya msalaba mwekundu, taratibu, kama mtu anayekagua mali. Kisha akanyoosha kidole kwa matroni, ambaye Polikarpi alishaanza kumsogeza kwenye mlango wake wa zamani.

“Isipokuwa huyo. Huyo mchemshe kwanza.”

Siku ya harusi kahawa haikuletwa kwenye akaibo. Mackrine aliileta mwenyewe kwenye sahani nyeupe, bapa, buni zimetawanywa mojamoja. Mzee Mbabazi alizigeuza kila moja kwa kucha, akizitafuta macho, ndipo akala.